Pingili Saba za Njano

Mimea ilikuwa sita, idadi ile ile iliyoandikwa kwenye leseni ya Ovidio Pintos, na yote sita ilikuwa inaumwa.

Inspekta Zulma Etcheverry alisimama mbele yake saa nne asubuhi ya Jumanne, jua likimchoma mabega. Mapipa ya plastiki yaliyokatwa nusu yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta unaotazama kaskazini. Katika kila pipa ulisimama mmea mmoja wa bangi, halali kwa leseni ile, mrefu kumpita yeye. Kuanzia chini hadi kiunoni majani yalikuwa ya kijani kibichi. Kuanzia kiunoni kwenda juu yalikuwa yamepauka, ya njano, na yale ya kileleni yalikaribia weupe.

Pembeni yake Mzee Wáshington Larrosa alikuwa anamimina maji ya moto kwenye kibuyu chake cha mate, chai ya majani ya kwao inayofyonzwa kwa mrija. Alikuwa na miaka sabini na sita. Thelathini na tano kati ya hiyo alikuwa bwana shamba, akipima udongo wa watu wa vilima hivi. Zulma alikuwa amemtoa nyumbani kwake, mwisho wa kijiji cha Paso del Horno, bila kumpa nafasi ya kumaliza mkate.

"Usiguse kitu kwanza," Zulma alisema.

"Binti, wewe ukimpeleka mtu kwa daktari wa meno unamwambia afunge mdomo?"

"Nataka picha. Koplo Bentancor akimaliza, gusa mpaka uchoke."

Koplo alipiga picha, pipa moja baada ya jingine, akaondoka kwenda kusimama getini kwenye kivuli. Zulma akafungua daftari.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Ovidio Pintos, miaka sabini na mmoja, fundi mstaafu wa matanuri ya chokaa, alikuwa hajulikani alipo. Mke wake, Bi Ercilia, alisema kwamba Alhamisi ya tarehe tisa Februari mzee alitoka nyumbani kwa hasira kwenda kumkabili jirani yao, Dardo Techera, kwa kuwa Dardo alikuwa amempulizia sumu mimea yake. Hakurudi. Mwanamke mmoja wa mtaani alisikia wanaume wawili wakigombana nyuma ya nyumba ya Dardo siku hiyo. Kazi ya Dardo ni kupuliza dawa ya magugu kwenye mashamba ya watu. Ijumaa wakamkamata. Leo ilikuwa siku yake ya tano rumande, na kesho mwendesha mashtaka angemfikisha mbele ya jaji kwa mauaji.

"Nataka jambo moja tu," Zulma alisema. "Hii mimea ilipuliziwa dawa au haikupuliziwa?"

Mzee Wáshington alichuchumaa, magoti yakalia. Alishika jani moja la chini kabisa, akaligeuza upande wa nyuma, akalinusa, akaliachia.

"Hili limezaliwa Desemba. Liangalie. Zima kabisa. Sasa, wewe ulipofika hapa ulifikiri nini? Mbolea imekwisha, sivyo?"

"Nilifikiri hivyo."

"Kila mtu hufikiri hivyo. Lakini mmea ukikosa naitrojeni unajila kuanzia chini. Unawanyang'anya wazee ili ulishe watoto. Hapa wazee wanakula vizuri. Watoto ndio wanaokufa." Akasimama kwa kujishika ukingo wa pipa, akavuta tawi la juu. Jani lilikuwa la njano lakini mishipa yake imebaki kijani, imejichora kama wavu. "Unaona? Hiki ni chuma. Mmea unakosa madini ya chuma. Chuma kikishakaa kwenye jani la zamani hakihami, kwa hiyo kikikosekana kwenye udongo, anayeumia ni jani jipya."

"Dawa ya magugu haiwezi kufanya hivi?"

"Dawa ya magugu ingekunja majani kama ngumi. Na isingechagua." Alinyoosha kidole kwenye uzio wa Dardo, hatua ishirini kutoka pale. "Zile nyanya ziko karibu na Dardo kuliko hii bangi. Nyanya ni mwoga, Inspekta. Ukipuliza dawa kule mjini Minas, nyanya inaanguka hapa. Sasa zitazame zilivyonenepa. Hata magugu ya chini ya waya yako hai. Mtu gani anayepuliza sumu akayaruka magugu?"

Zulma aliandika. Kisha akatazama dirisha la jikoni. Bi Ercilia alikuwa amesimama nyuma ya pazia, haonekani uso, anaonekana aproni tu.

"Kwa hiyo hakuna sumu."

"Hakuna. Kuna ugonjwa wa kawaida ambao mimea ya mtu mmoja hapa kijijini haiwezi kuupata. Na mtu huyo ni Ovidio."

"Eleza."

"Nieleze nini, ngoja nikuonyeshe."

Alitoa begi lake kwenye gari la polisi, akashusha ubao wa nyuma na kuufanya meza. Vikombe vitatu, chupa ya maji safi ya maabara, kijiko, karatasi za kupimia uchachu. Alikwangua udongo wa juu ya pipa, ambako palikuwa na ukoko mweupe, akautia kikombe cha kwanza. Alichokonoa udongo wa chini kupitia tundu la kutolea maji, akautia cha pili. Cha tatu akakijaza maji kutoka kwenye bomba la kisima. Akakoroga, akasubiri, akachovya karatasi moja moja na kuzilaza kwenye ubao.

"Soma mwenyewe. Rangi ziko kwenye kifuniko. Namba ikipanda, uchachu umepungua, chokaa imezidi."

"Udongo wa juu, nane na kidogo. Wa chini, sita na nusu. Maji ya kisima…" Zulma akainamisha kichwa. "Nane na zaidi."

"Bangi inataka sita na nusu, haipendi kuzidi hapo. Udongo ukifika nane, chuma kimo tele ila kimefungwa. Ni kama chakula kimo kabatini na ufunguo umepotea. Kijiji kizima kimekaa juu ya chokaa, ukioga hapa unatoka mweupe. Na Ovidio amepanda bangi kwa maji haya haya miaka tisa, na kila Aprili anavuna maua makubwa kama mkono wangu. Hujajiuliza alifanyaje?"

"Nakuuliza wewe."

Mzee alielekeza kidevu kwenye mlimau uliosimama karibu na banda. Chini yake ardhi ilikuwa imejaa malimau. Mengine yalikuwa yamekauka hadi kuwa magumu, mengine yameoza, yana ukungu wa kijani, na nzi.

"Malimau matano kwa ndoo, uchachu wake unavunja chokaa. Anayakamua, anachuja, anakoroga, anasubiri kidogo, ndipo anamwagilia. Mimi nilisoma chuo kikuu, na hilo nilifundishwa na fundi wa tanuri ambaye kuandika jina lake ilikuwa shughuli. Zamani alichanganya na maji ya mvua. Mvua ilipokatika Novemba, tangi likakauka, akawa anategemea malimau tu. Udongo wa chini bado una kazi yake; ukoko wa juu ni wa maji matupu ya karibuni."

Walikwenda kwenye banda. Kikamulio kilikuwa kwenye rafu, kimekauka, mbegu zimegandia, sisimizi wamepita na kumaliza. Kichujio kilining'inia kwenye msumari. Buibui alikuwa ametandaza nyumba kutoka kwenye msumari hadi ukutani. Zulma alipiga picha mwenyewe safari hii.

"Buibui huyu hakuanza Ijumaa," alisema.

"Achana na buibui, jaji atakucheka. Njoo uhesabu pingili."

Walirudi kwenye mapipa. Mzee Wáshington alipandisha kidole kwenye shina, kifundo hadi kifundo, pale matawi yanapochipuka. Alipofika penye jani la kwanza lililopauka akasimama.

"Kuanzia hapa. Moja." Akapanda. "Mbili. Tatu. Hesabu na wewe."

"Saba," Zulma alisema alipofika kileleni.

"Pipa la pili?"

"Saba."

"La tatu nimeshahesabu, ni saba pia, na la mwisho ni nane. Sasa sikiliza. Nyumbani kwangu nina mimea sita, vipandikizi vya mmea mama mmoja na hii. Ovidio alinipa mwenyewe. Kwa joto la mwaka huu kila mmea unanitolea pingili moja kwa siku tatu. Fanya hesabu."

"Ishirini na moja."

"Ongeza wiki. Udongo haugeuki kwa siku moja, hata ukiumwagilia chokaa asubuhi na jioni."

Zulma alirudisha siku kwenye kalenda ya nyuma ya daftari, akiweka nukta kwa kalamu.

"Tarehe kumi na saba Januari."

"Kumi na tano, ishirini, hapo katikati. Mimi si saa. Lakini tarehe tisa Februari haiwezekani. Hiyo ni siku tano. Siku tano hazikupi hata pingili mbili."

"Labda aliamua kuacha malimau. Labda aliumwa, akamwachia mtu."

"Labda. Hilo ni swali lako. La kwangu nimelijibu." Alifyonza chai yake ya mate hadi kibuyu kikalia. "Na kuna jingine. Ncha za majani zimeungua, ona, kahawia. Mtu aliona njano, akafikiri ni njaa, akatia mavi ya kuku. Mengi. Aliyefanya hivi hakuwa anataka kuiua. Alikuwa anahangaika nayo."

Zulma alifungua ukurasa wa Dardo Techera. Alikuwa ameuandika Ijumaa bila kuupa uzito. Kuanzia tarehe mbili Januari hadi tarehe sita Februari Dardo alikuwa kwenye mashamba ya mpunga ya mkoa wa Treinta y Tres, akilala kambini na wenzake kumi na wanne. Mwajiri alikuwa ametia saini.

Akampigia simu mwendesha mashtaka akiwa amesimama barabarani.

"Kwa hiyo," yule bwana alisema baada ya kusikiliza, "kesho nisimame mbele ya jaji nimwambie shahidi wangu ni jani la bangi."

"Majani ya mimea sita, Mheshimiwa. Na kisima. Na mashamba ya mpunga."

"Etcheverry, nina shahidi aliyesikia ugomvi, nina mke anayelia. Nipe mwili, au nipe mtu anayesema. Una mpaka saa kumi."

Ilikuwa saa tano na nusu.

*

Bi Ercilia alikuwa anamenya malenge kwa kisu kidogo. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini na minane, mwenye mikono mikubwa, na nywele alizozifunga kwa kitambaa. Hakuinuka walipoingia. Mzee Wáshington alivua kofia akabaki mlangoni.

"Wáshington," Bi Ercilia alisema, "miguu yako."

"Nimeikung'uta, Ercilia."

Zulma alivuta kiti. "Mama, naomba unirudishie mambo mawili matatu, niandike vizuri."

"Nimeshasema yote, mwanangu."

"Najua. Mwenye kichwa kigumu ni mimi. Januari mzee alikuwa mzima?"

"Mzima kama fahali."

"Hakulala kitandani hata siku moja? Hata mafua?"

"Ovidio? Mafua yalikuwa yanamkimbia."

"Mimea nani alikuwa anaimwagilia?"

"Yeye. Asubuhi na jioni."

"Hukumsaidia hata siku moja?"

"Hakuruhusu mtu. Hata Heber, mwanawe wa kumzaa, alikuwa akisogea pale anafukuzwa kama kuku."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Alhamisi ile ile. Alimwagilia asubuhi, akaona majani yalivyo, akapandwa na hasira akaenda kwa yule mtu."

"Na tangu hapo?"

"Heber. Akirudi kazini."

Zulma aliandika kila jibu polepole, akayasoma kwa sauti, na Bi Ercilia akaitikia kila moja kwa kichwa.

"Mzee alikuwa anamwagilia maji gani?"

"Maji. Ya kisima. Tuna mengine?"

"Anatia kitu ndani yake?"

Kisu kilisimama kwenye ganda la malenge. "Kitu gani?"

Mlangoni Mzee Wáshington alikohoa.

"Ercilia, miaka yote hii malimau ulifikiri anapeleka wapi?"

"Chai. Alikuwa anapenda chai ya limau." Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Alikuwa anaamka kabla yangu. Nikiamka nakuta ameshamaliza mambo yake bandani. Kwani malimau yana nini?"

Zulma alimweleza. Hakupandisha sauti, na hakuruka hatua: maji, chokaa, udongo wa juu na wa chini, majani ya zamani na mapya, pingili saba. Alimwambia kwamba mtu aliyemwagilia mimea ile kwa mwezi mzima hakujua habari ya malimau, na mtu pekee wa nyumba hii aliyeijua alikuwa Ovidio. Alimkumbusha majibu yake mwenyewe dakika tano zilizopita, kwamba mzee hakuumwa na hakumwachia mtu.

"Una haki ya kuwa na wakili, Mama. Unaweza kunyamaza mpaka afike. Nikuitie?"

Bi Ercilia aliweka kisu mezani, akakisogeza mbali kidogo na mkono wake.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeiua," alisema.

"Mimea?"

"Nilikuwa naimwagilia kila siku. Asubuhi na jioni, kama alivyokuwa akifanya. Ilipoanza kuwa ya njano nikatia mavi ya kuku. Nikazidisha maji. Kumbe kila ndoo."

Alijifuta mikono kwenye aproni kwa muda mrefu.

"Ilikuwa Jumanne kama leo. Mimi natandika kitanda. Nikasikia lori linarudi nyuma, halafu nikasikia Heber anaita 'Baba'. Heber hajamwita baba tangu akiwa na miaka kumi na miwili, humwita 'mzee'. Hapo hapo nikajua."

"Heber alikuwa amekunywa?"

"Saa mbili asubuhi, Inspekta. Heber hunywa saa mbili asubuhi."

"Mzee alikuwa nyuma ya lori?"

"Ameinama anaviringisha mpira wa maji. Heber hakumwona. Naapa hakumwona."

"Alikufa papo hapo?"

Bi Ercilia akatazama malenge.

"Mama. Alikufa papo hapo?"

"Saa nzima. Labda zaidi."

Mzee Wáshington aliegemea mlango. Zulma aliendelea kushika kalamu.

"Kliniki iko dakika kumi kutoka hapa."

"Heber alitaka kukimbia kumwita daktari. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni." Alisema bila kulia. "Unajua habari ya yule binti wa baiskeli ambaye Heber alimgonga. Miaka minne iliyopita. Jaji alimwambia Heber, nikikuona hapa tena umelewa nyuma ya usukani, hutoki. Nikamtazama Ovidio, nikamtazama Heber. Ovidio alikuwa ameshakuwa na rangi ile ya wanaokufa. Nikasema mmoja ameshaondoka. Nikasimama mlangoni."

"Lakini alikuwa hajaondoka."

"Hapana. Alikuwa anaongea."

"Alisema nini?"

"Alisema mimea bado haijanywa." Akanyoosha aproni magotini. "Alisema mara mbili. Nikamwambia nitainywesha. Basi."

Nje Koplo alikuwa anapiga mluzi getini. Zulma aliinuka, akafunga dirisha, akarudi kuketi.

"Yuko wapi?"

"Tanuri la tatu. La zamani. Heber ana funguo za geti la machimbo."

"Ercilia," Mzee Wáshington alisema kwa sauti ya chini. "Tanuri la tatu wamelijaza vifusi. Tangu mwisho wa Januari wanamwaga. Juu yake sasa malori yanageuzia."

"Najua."

"Mita ishirini za mawe."

"Najua, Wáshington. Heber ndiye aliyekuwa anamwaga."

Zulma aligeuza ukurasa. "Na Dardo?"

"Dardo alirudi kutoka kwenye mpunga akaanza kuuliza. Ovidio yuko wapi, mbona simwoni, mbona bangi yake iko vile. Alhamisi akamuuliza Heber, wakatukanana kule nyuma. Nikaona sasa tumekwisha. Nikasema maneno niliyoyasema." Akainua mabega. "Nilifikiri hawatapata kitu, watamwachia baada ya wiki. Hana watoto, Dardo. Hana anayemngoja."

"Jumapili wamemchomea trekta," Mzee Wáshington alisema. "Na mashine yake ya kupulizia. Watu wa hapa hapa. Walitoka kanisani wakaenda kumchomea."

Bi Ercilia alifumba macho, akayafumbua.

*

Heber Pintos alirudi saa sita na robo kula chakula cha mchana. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, vumbi la chokaa limemjaa kwenye nyusi. Aliona gari la polisi, akaona Koplo, lakini hakugeuza lori. Alishuka, akanawa mikono kwenye bomba la ua, ndipo akaingia jikoni.

"Kuna nini tena?"

"Nimewaambia," mama yake alisema.

"Umewaambia nini?"

"Heber. Nimewaambia kuhusu baba yako."

Alisimama pale, maji yakimdondoka viganjani. Alimtazama Zulma, kisha Mzee Wáshington, kisha daftari lililokuwa mezani. Uso wake haukubadilika sana. Ulitulia, kama wa mtu anayesoma tangazo.

"Inspekta, mama yangu hayuko sawa," alisema. "Tangu mzee aondoke anaongea mwenyewe. Anamwagilia maua usiku na mchana. Muulize jirani yeyote. Mzee alitoka Alhamisi kwenda kwa Dardo, mimi nilimwona kwa macho yangu. Andika hivyo."

"Heber," mama yake akasema.

"Andika kwamba ni mgonjwa. Nitaleta cheti cha daktari."

"Mwanangu."

"Nyamaza, Mama! Hujui unachosema. Umezeeka, umechanganyikiwa, basi, nyamaza." Akamgeukia Zulma. "Mna mwili?"

Zulma alifunga daftari. "Koplo!"

Heber hakupinga pingu. Alipopita mlangoni Mzee Wáshington alisogea pembeni kumpisha, na Heber akamwambia, "Na wewe mzee, na majani yako," kwa sauti ya kawaida kabisa. Bi Ercilia alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza. Alisubiri mwanawe ageuke. Heber aliingia kwenye gari akiangalia mbele.

Mwendesha mashtaka alisikiliza kwa simu hadi mwisho. Dardo angeachiwa jioni, alisema, hilo angeweza kulifanya. Kuhusu tanuri la tatu angeandika barua, lakini kufukua mita ishirini za vifusi kulihitaji amri ya jaji, mashine na miezi, na jaji angeuliza kwa ushahidi gani. Mama aliyesema uongo kwanza na kusema kingine baadaye? Mtoto anayekana? Wakili yeyote angemaliza hiyo kazi kabla ya chakula cha mchana.

"Na kama hatufukui?"

"Basi Heber anarudi nyumbani, Etcheverry. Pengine ndani ya wiki mbili. Mama tutamshtaki kwa ushahidi wa uongo, na huo tunao kwa maandishi."

Zulma alirudi jikoni. Mzee Wáshington alikuwa ameondoka kwa miguu, alikataa kupelekwa. Bi Ercilia alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile, malenge nusu yamemenywa mbele yake.

"Utabaki hapa leo, Mama. Koplo mwingine atakuja kukaa getini. Usitoke bila kumwambia. Kesho watakuja kukuchukua uandike maelezo."

"Heber amekula?"

"Watampa kituoni."

"Hapendi vyakula vya watu."

Zulma alikaa. "Usibaki peke yako. Kuna mtu nimpigie simu aje alale nawe? Dada, rafiki?"

Bi Ercilia alifikiri kwa muda mrefu, midomo ikicheza kama anayepitisha majina. Kisha uso wake ukatulia kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mpigie. Namba naijua kwa kichwa," alisema, akaanza kuitaja.

Zulma aliandika. Sifuri, tisa, tisa. Alipofika tarakimu ya sita aliitambua. Ilikuwa namba ya Ovidio, aliyokuwa ameipiga mwenyewe kila siku tangu Ijumaa. Aliandika tarakimu zilizobaki moja moja hadi mwisho, kwa sababu Bi Ercilia alikuwa anamtazama mkono.